Wauza pembejeo: Makubaliano kwanza, kompyuta baadaye

Kila msimu wa mvua unapokaribia, wenye maduka ya pembejeo katika miji midogo kama Makambako na Vwawa hurudiwa na swali lile lile: mkulima yupi apewe mbolea kwa mali kauli, na yupi aambiwe aje na fedha taslimu? Jibu huwa ndani ya daftari. Tatizo ni kwamba kila duka lina daftari lake.

Mkulima mwenye deni la mifuko minne kwa muuzaji mmoja anaweza kuvuka barabara akachukua mingine minne kwa muuzaji wa pili, ambaye hana habari. Baada ya mavuno wote wawili humfuata kwa magunia yale yale ya mahindi, na anayewahi ndiye anayelipwa. Benki zina utaratibu wa kubadilishana taarifa za wakopaji chini ya usimamizi wa Benki Kuu, lakini deni la dukani kwa kawaida halifiki huko. Anayeumia si muuzaji peke yake. Muuzaji aliyedhulumiwa mara mbili hufunga mali kauli kwa wote, na mkulima mwaminifu hujikuta akipanda bila mbolea.

Ndiyo sababu wazo la maduka kadhaa kuwa na orodha moja ya wateja, kwenye kompyuta au simu, lina mvuto. Swali ni mfumo huo utengenezwe vipi.

Njia iliyozoeleka ni kumwita mtaalamu wa kompyuta, kumweleza kila kinachotakiwa, kumpa malipo ya awali na kumsubiri. Tuseme maduka matano yanachanga Sh600,000 kila moja, jumla Sh3 milioni. Mtaalamu anaandika programu yenye kila kitu: wateja, madeni, stoo, faida, hata ujumbe wa kumkumbusha mdaiwa. Inaletwa miezi sita baadaye, na siku ya kwanza muuzaji anagundua kuwa inamtaka aandike namba ya kitambulisho cha taifa kwa kila mteja, wakati foleni imefika mlangoni na nusu ya waliopanga foleni hawakuja na vitambulisho. Fedha imekwisha, na kila marekebisho yana bei yake.

Kasoro hii haikuanzia kwa wauza mbolea. Mtaalamu wa Marekani, Winston Royce, aliieleza njia hiyo ya hatua zinazofuatana mwaka 1970, na katika andiko hilo hilo akaonya kuwa ina hatari, kwa sababu makosa makubwa huonekana wakati wa majaribio, mwishoni kabisa. Uingereza nayo ilianza mwaka 2002 mpango mkubwa wa kompyuta kwa ajili ya kumbukumbu za wagonjwa wa England. Mwaka 2011 serikali ikatangaza kuuvunja, mabilioni ya pauni yakiwa yameshatumika.

Njia ya pili ni kununua programu iliyo tayari. Kwa mwenye duka moja mara nyingi hiyo ndiyo bora, na hakuna sababu ya kumlipa mtu aandike upya programu ya stoo. Lakini programu nyingi za namna hiyo zimetengenezwa kwa mwenye mali mmoja. Maduka matano yanayoshindana yakiingia humo, kila mmoja anaweza kuona wateja wa mwenzake, wanachonunua na kwa bei gani. Nani ataandika humo jina la mteja wake mkubwa?

Njia ya tatu ni kujenga kipande kwa kipande, kama walivyoshauri wataalamu 17 wa programu waliokutana Utah, Marekani, mwaka 2001. Kipande cha kwanza kijibu swali moja tu: mteja huyu ana deni lililopita muda wake katika duka jingine, ndiyo au hapana? Kiasi kisionekane, wala jina la duka. Hata kabla ya kumlipa mtaalamu, jambo hilo linaweza kujaribiwa kwa wiki mbili kwa wateja waliokubali, karani mmoja anayeaminiwa na wote akishika orodha na maduka yakimpigia simu. Hapo ndipo itajulikana kuwa Mama Tumaini wa daftari hili ni Mgaya wa daftari lile, na kwamba ndugu wawili wanatumia namba moja ya simu. Mtaalamu aliyekaa ofisini kwake hawezi kuyajua hayo.

Njia hii nayo ina mtego wake: haina mwisho, na mtaalamu anaweza kuendelea kudai kila mwezi. Bei ikubaliwe kwa kila kipande, na kila kipande kinapolipiwa, programu pamoja na orodha vikabidhiwe kwa wenye maduka.

Hata hivyo, si kila kitu kinaweza kusubiri kipande kinachofuata. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu kujisajili kwenye Tume. Miamala ya fedha ya mtu imo katika taarifa nyeti, ambazo kwa kawaida huhitaji ridhaa ya maandishi. Kwa hiyo daftari la zamani haliwezi kunakiliwa tu na kupelekwa kwa jirani. Kitufe kilichokaa vibaya hurekebishwa wiki ijayo. Deni la mtu likishasomwa na maduka matano halifichiki tena.

Kuna na suala la makosa, ambalo ni zito zaidi. Mkulima amelipa Jumamosi, kijana wa dukani akasahau kuandika. Zamani kosa hilo lilibaki katika duka moja, naye alikwenda la pili. Kwenye orodha ya pamoja ananyimwa mbolea kote, na mahindi hayamsubiri. Marekebisho yanayochukua wiki mbili ni sawa na kutorekebisha. Makubaliano yataje mtu wa kupigiwa simu na muda usiozidi siku mbili, pamoja na lini jina la aliyemaliza deni litafutwa, na duka linalojitoa litaondoka na nini. Orodha yenyewe ingefaa ishikwe na chama cha wafanyabiashara au SACCOS, si duka lililo kubwa kuliko mengine.

Wanaotaka kuanza na mvua za Novemba wakusanye ridhaa Juni na Julai, mkulima anapokuja kulipa akiwa na fedha mkononi. Akipewa karatasi ya kusaini Novemba, wakati anaomba mfuko wa mbolea, atasaini chochote atakachowekewa mbele yake.