Panya kupona si mgonjwa kupona

Na Mwandishi Wetu, Kyela

MWEGEA, mti wenye matunda marefu yanayoning'inia mithili ya soseji, hustawi katika nyanda za joto za Tanzania na Malawi, ambako ng'ambo ya Mto Songwe huitwa mvunguti. Waganga wa jadi katika sehemu nyingi za Afrika hutumia tunda lake kutibu vidonda na maradhi ya ngozi.

Sayansi haikuupuuza. Mwaka 1994 watafiti walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa dawa iliyokamuliwa kutoka mti huo ilidhoofisha seli za melanoma, aina kali ya saratani ya ngozi. Hata hivyo, hizo zilikuwa seli zilizooteshwa maabara, wala si mgonjwa.

Hatua inayofuata kwa kawaida ni panya. Hunyolewa mgongoni, hupakwa kemikali ya kuleta uvimbe, kisha kundi moja hupewa dawa ya mmea na jingine hunyimwa ili walinganishwe. Mara nyingi dawa huanza kutolewa kabla uvimbe haujatokea. Jaribio la namna hiyo huonyesha uwezo wa kukinga. Halithibitishi kwamba dawa inaponya saratani iliyokwisha kuota.

Hata mafanikio makubwa zaidi hayamalizi safari. Mwaka 2004 watafiti nchini Australia walitangaza kuwa kemikali kutoka Euphorbia peplus, mmea wa jamii moja na mnyaa, ilizuia uvimbe wa melanoma kwa panya. Ilipita majaribio ya binadamu, na mwaka 2012 Marekani na Ulaya ziliruhusu iuzwe kwa jina la Picato, kutibu madoa ya jua yanayoweza kugeuka saratani. Mwaka 2020 iliondolewa katika soko la Ulaya, baada ya kubainika kuwa huenda inaongeza hatari ya saratani ile ile ya ngozi.

Ikiwa dawa iliyopimwa kwa miaka mingi iliweza kuleta hofu hiyo, vipi ile isiyojulikana kipimo chake?

Swali hilo linawahusu kwanza watu wenye ualbino, ambao ngozi yao haina kinga ya kutosha dhidi ya jua. Kidonda chao kikiwahiwa, mara nyingi huondolewa kwa upasuaji mdogo. Kikicheleweshwa kwa miezi ya kupaka majani, huzama ndani. Kwa mkazi wa Kyela, Taasisi ya Saratani Ocean Road iko Dar es Salaam, mbali mno kwa mfuko wa mkulima wa mpunga. Umbali huo ndio unaoipa dawa ya jirani nguvu.

Taifa lilikwisha kuonywa mwaka 2011, pale maelfu walipomiminika Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya mizizi.

Hakuna sababu ya kuibeza tiba asili, ambayo ina sheria yake tangu mwaka 2002. Inachostahili ni kupimwa hadi mwisho. Wakati huo ukisubiriwa, kofia pana, nguo za mikono mirefu na uchunguzi wa mapema hospitalini ndiyo kinga iliyothibitishwa.