Tunduma Haikujengwa na Malori

Kaa kwenye mgahawa wowote Tunduma, mkabala na foleni ya malori yanayongoja kuvukia Nakonde, upande wa Zambia. Chai haitapoa kabla hujausikia wimbo wa mji: hapa tumepajenga sisi wafanyabiashara, serikali imekuja baadaye kudai ushuru. Kubuni ni kazi ya watu binafsi. Serikali inajua kula tu.

Wimbo mtamu, ila ni uongo.

Novemba 1965 Ian Smith alipojitangazia uhuru kule Rhodesia, njia ya Zambia ya kusini ikawa mashakani. Mafuta yakaanza kupita huku, kwenye barabara ya vumbi na tope ambayo madereva waliibatiza njia ya jehanamu. Tajiri gani alijitokeza kujenga reli? Benki ya Dunia yenyewe ilishapiga hesabu ikaona hailipi. Waliojenga ni serikali: ya Nyerere, ya Kaunda, na ya China iliyotoa mkopo usio na riba. Kazi ilianza 1970, na mwaka 1976 reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ikakabidhiwa. Bomba la TAZAMA lilikuwa linasukuma mafuta hadi Ndola tangu 1968, na barabara nayo ikapata lami. Futa hivyo vitatu kwenye ramani, kisha uniambie mbadilisha kwacha wa hapa mpakani angekaa wapi na meza yake.

Najua jibu: hivyo ni vyuma na kokoto, ubunifu ni kitu kingine. Haya, tuje kwa wakala wa M-Pesa aliye jirani na meza hiyo. Huduma ile ilizinduliwa Kenya mwaka 2007, lakini majaribio yake yalichangiwa karibu pauni milioni 1 na mlipakodi wa Uingereza, kupitia idara ya misaada ya serikali yake, kwa sharti kwamba Vodafone nayo itoe chake. Ndani ya kampuni, wazo hilo lilikuwa linagombea fedha na miradi ya faida ya haraka. Na setilaiti zinazomwonyesha tajiri lori lake limefika wapi? Zilirushwa na jeshi la Marekani.

Hata kahawa ya Mbozi ina habari hiyo hiyo. Miche inayostahimili chulebuni na kutu ya majani haikuokotwa porini. Utafiti wa kahawa ulianza Lyamungo, Kilimanjaro, mwaka 1934. Leo taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, ina kituo Mbimba, huko huko Mbozi. Mbuni huchukua kama miaka mitatu kuzaa, na mtafiti lazima aone vizazi kadhaa kabla ya kuuamini mche mmoja. Mnunuzi anayetaka faida msimu huu hawezi kungoja hivyo, na simlaumu. Wanaoweza kungoja ni fedha za umma, za wafadhili, na makato ya wakulima wenyewe.

Mwenye ubishi atanionyesha TAZARA ilivyochoka. Kweli, imechoka: ilijengwa ibebe tani milioni 2 kwa mwaka, na kwa miaka mingi imebeba sehemu ndogo tu ya hizo. Lakini reli hiyo haikuuawa na fedha zilizoijenga. Iliuawa na zile ambazo hazikuja kuitunza, na mzigo wake ndio huo umepanga foleni barabarani, ukiongozwa na dereva anayelala chini ya tela huku akilaani serikali kwa kutumia fedha hovyo.