Kelele za Breki na Vumbi Lake



Mwaka 1902 Bwana Frederick Lanchester wa Uingereza alipata hati ya uvumbuzi wa breki za diski. Diski ilibanwa na vipande vya shaba, basi motokaa ilipiga kelele zisizovumilika. Mwaka 1907 Bwana Herbert Frood alivivalisha vipande hivyo asbestosi. Kelele zikapungua, na wenye magari wakafurahi.

Lakini wafanyakazi ndio waliolipa. Vumbi la asbestosi huingia mapafuni, na huenda likakaa humo miaka 20 au zaidi kabla ya kuleta kansa. Uingereza yenyewe iliipiga marufuku mwaka 1999.

Hapa Nairobi, fundi wa Kibera au Kawangware akiletewa gari linalolia breki, hufungua gurudumu, hupuliza vumbi, kisha husugua pedi kwa msasa. Pedi kuukuu hiyo imetengenezwa kwa nini? Nani amemwambia?

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwenye mahali pa kazi alinde afya ya watu wake. Kwa hiyo twadai pedi zisizo na asbestosi, barakoa zinazofaa, na maji ya kuoshea.

Nanyi mafundi, msipulize vumbi kwa mdomo wala kwa kompresa. Lifuteni kwa kitambaa kilicholowa, wala msiwapelekee watoto vumbi hilo katika ovaroli.

Breki inyamaze, lakini fundi asinyamaze.