Saini Juu ya Mchoro Usiosomeka

Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa Hazina mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya hesabu zilizokabidhiwa kompyuta kuvurugika, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Utaalamu ulikuwa mikononi mwa wageni, na waliotakiwa kuutumia mfumo hawakuwa wameandaliwa.

Marufuku hayo yaliondolewa zamani, na mifumo imefika hadi Kibondo na Kasulu. Mwaka 2017 shule na zahanati za umma zilianza kuingizwa katika FFARS, mfumo wa kuandika mapato na matumizi ya vituo. Hayo ni maendeleo. Lakini je, mtumishi anaelewa anachokubali?

Kabla ya mfumo kutengenezwa, mchambuzi huchora visanduku, mistari na mishale kuonyesha taarifa zinatoka wapi na zinakwenda wapi. Kisha huomba saini. Watumishi huitikia kwa kichwa na kutia saini. Nani apende kuonekana hajui mbele ya mkuu wake? Chama kinachohimiza ushirikishwaji hakiwezi kuridhika na saini ya namna hiyo.

Tutoe mfano. Mstari mmoja kati ya kisanduku cha “Mwanafunzi” na cha “Shule” waweza kumaanisha kwamba mtoto ni wa shule moja tu tangu aandikishwe hadi amalize. Mwalimu wa Kasulu akiambiwa hivyo kwa maneno atakataa papo hapo: watoto huhama katikati ya mwaka wakiwafuata wazazi wao Kibondo au kwingineko. Akionyeshwa mstari, huupita. Mfumo ukianza kazi, mtoto huyo ama atahesabiwa mara mbili ama atabaki katika orodha ya shule aliyoiacha. Na kwa kuwa ruzuku ya uendeshaji hukokotolewa kwa idadi ya wanafunzi, shule iliyompokea itamfundisha bila fedha zake.

Wapo wasemao walimu wafundishwe kusoma michoro hiyo. Hatukubaliani nao. Mchoro una kazi yake kati ya mchambuzi na mtengeneza programu. Kwa mwalimu, mchambuzi alete rejesta na fomu ya uhamisho, aandike humo mtoto mmoja aliyehama, kwa Kiswahili, na aonyeshe taarifa itakayotoka mwisho wa mwezi. Kisha mwalimu aeleze kwa maneno yake mfumo utafanya nini. Akishindwa, saini isubiri.

Na pale mfumo unapobuniwa Dodoma, walimu wa Kibondo na Kasulu wawe miongoni mwa watakaoulizwa.