Nani Anamlipa Msaka Wachawi?

Mama mkubwa hakushtushwa na moto. Tulikuwa sebuleni kwake, kompyuta yangu ndogo iko juu ya stuli, nami namtafsiria mazungumzo kipande kwa kipande kama wale maDJ wa vibanda umiza. Filamu ilikuwa Witchfinder General ya Michael Reeves, iliyotoka Uingereza mwaka 1968. Tumefika Lavenham, mji mdogo wa nyumba za mbao huko Suffolk. Mwanamke anafungwa kwenye ngazi, ngazi inasimamishwa, kisha inateremshwa polepole kwa kamba hadi motoni. Mama mkubwa alitazama, akaguna. Kilichomfanya akae wima ni kilichofuata. Moto umekwisha kazi yake, na watoto wa mji wanachokoa majivu, wanachoma viazi.

"Hebu simamisha," alisema. Nikasimamisha. Akauliza swali ambalo sikuwahi kulikuta katika makala zote nilizosoma kuhusu filamu hii: "Huyo bwana mwenye kofia, analipwa na nani?"

Toleo hili limetokana na swali hilo, kwa hiyo ukiona tumewapa wasaka wachawi wa sinema ya Ulaya kurasa nyingi kuliko kawaida yetu, mlaumu yeye.

Filamu za uchawi ambazo wengi wetu tumekua nazo, ziwe hizi zetu za misukule na majini au zile za Hollywood, zinakutaka umwogope mchawi. Ulaya nako ziko. Mwaka 1960 Mtaliano Mario Bava alifungua La maschera del demonio kwa mwanamke anayepigiliwa usoni kinyago chenye miiba kwa ndani. Kwa macho ni filamu nzuri mno, na mwigizaji wake, Barbara Steele, ukishamwona humsahau. Lakini mwanamke yule anafufuka na kuanza kuangamiza watu, maana yake waliompigilia kinyago hawakumwonea. Filamu imekula njama na mahakama.

Kundi tunalolijadili humu linakwenda njia nyingine. Mchawi hayupo. Yupo kikongwe anayehangaikia maziwa ya ng'ombe, yupo mchungaji asiyeelewana na waumini wake, na yupo mgeni aliyeingia mjini na daftari. Unayepaswa kumwogopa ni huyo wa tatu, na hoja yangu ni kwamba woga wa namna hii ndio mgumu zaidi kuutengeneza kwenye sinema, kwa sababu hauna pembe wala mkia. Una risiti.

Bwana mwenye kofia, Matthew Hopkins, aliishi kweli. Alifanya kazi yake mashariki mwa Uingereza kati ya 1645 na 1647, wakati vita baina ya Mfalme na Bunge vimevuruga mahakama, na alijiita Msaka Wachawi Mkuu, cheo ambacho Bunge halikumpa kamwe. Tarehe 27 Agosti 1645 watu 18 walinyongwa kwa siku moja mjini Bury St Edmunds. Mmoja wao alikuwa John Lowes, mchungaji wa Brandeston, mzee wa miaka 80 hivi. Sheria ya Uingereza haikuruhusu mateso, ila kumnyima mtu usingizi hakukuhesabiwa kuwa mateso, maana hakuachi kovu. Basi Lowes alikeshezwa usiku baada ya usiku, akakimbizwa huku na huko hadi pumzi ikamwishia, akatumbukizwa kwenye handaki la maji la ngome ya Framlingham waone kama ataelea. Akakiri. Siku ya kunyongwa alijisomea mwenyewe ibada ya maziko, kwa kuwa hakupewa mchungaji wa kumsomea.

Na malipo? Walilipa wenyeji. Mji wa Stowmarket ulimpa Hopkins pauni 23, gharama za safari mbali, katika zama ambazo kibarua wa shamba alipata peni 6 hivi kwa siku. Pauni moja ilikuwa peni 240. Piga hesabu, utakuta ni ujira wa zaidi ya siku 900. Ipswich ililazimika kutoza kodi maalumu. Watu walichangishwa ili majirani zao wanyongwe.

Nilipomweleza hayo, mama mkubwa alicheka kicheko kifupi, kikavu. "Kumbe ni mchango," akasema. "Kama wa harusi."

Reeves aliielewa biashara hii kuliko watu wazima waliomzunguka. Alitengeneza filamu akiwa na miaka 24. Hopkins mwenyewe alikufa akiwa bado kijana, kwa hiyo mwongozaji alikaribiana naye umri kuliko mwigizaji, Vincent Price, Mmarekani aliyekuwa na miaka 56. Reeves hakumtaka Price. Alimtaka Donald Pleasence, lakini fedha za Marekani zilikuja na mtu wao. Inasimuliwa kwamba Price, alipochoka kuelekezwa, alimkumbusha kijana kwamba yeye amecheza filamu zaidi ya 80, akamuuliza mwenzake ametengeneza ngapi. Nzuri mbili, akajibu Reeves. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa maana. Price alizoea kuigiza uovu kwa madoido, nyusi juu, sauti ya kubembea. Reeves alimtaka apunguze, apunguze tena. Tulichobakiwa nacho ni Hopkins anayezungumza kama karani aliyechelewa kikao, na hakuna pepo wa sinema anayenitisha kumshinda huyo. Baadaye Price alimwandikia kijana barua ya kumsifu kwa kazi hiyo. Reeves alifariki Februari 1969, akiwa na miaka 25.

Lakini tukiishia kwa Hopkins tutakuwa tumeona fedha tu. Kuna bidhaa inayonunuliwa kwa fedha hizo, nayo ni ungamo. Mdenishi Benjamin Christensen alilijua hilo mapema sana. Katika Häxan, filamu isiyo na sauti aliyoitengenezea kampuni ya Sweden na kuionesha 1922 (Shetani ameigizwa na yeye mwenyewe, ulimi nje, na anaonekana kufurahia kazi), kuna kipande kifupi kinachostahili kutazamwa mara mbili. Mmoja wa waigizaji wake, binti wa kisasa kabisa, anataka kujaribu kibano cha dole gumba. Anacheka. Kibano kinakazwa, anakunja uso. Kisha yanakuja maandishi ya mwongozaji kwamba hatatoboa maungamo ya kutisha aliyoyapata kwa binti huyo kwa muda usiotimia dakika moja. Hakimu hayupo pale wala moto haujawashwa, ni utani wa mahali pa kazi, na tayari ungamo limepatikana.

Miaka 21 baadaye, Mdenishi mwingine, Carl Theodor Dreyer, alionesha Vredens Dag mjini Copenhagen. Ilikuwa Novemba 1943, Wajerumani wakiikalia nchi, na mwezi mmoja tu baada ya Wayahudi wa Denmark kulazimika kuvuka bahari kwenda Sweden kujiokoa. Bibi kizee wa filamu hiyo, Herlofs Marte, anaambiwa afikirie roho yake. Anajibu kwamba haogopi mbingu wala jehanamu, anaogopa kufa. Sijaona katika filamu nyingine ya aina hii mtuhumiwa akiruhusiwa kusema jambo la kawaida kiasi hicho.

Hata hivyo, ningelazimishwa kubaki na moja, ningebaki na Kladivo na čarodějnice ya Otakar Vávra, ya Chekoslovakia, iliyotoka Januari 1970. Inaanza kwa kosa dogo. Kikongwe mmoja kanisani anaitoa hostia kinywani na kuifunga kitambaani. Mtoto wa altare anamwona. Hostia ni ya ng'ombe, ili maziwa yarudi. Padre mwenye busara angemkemea, akampa kitubio, mambo yakaisha. Badala yake anaitwa mtaalamu, Boblig, mstaafu ambaye kazi yake ya zamani imekwisha kusahaulika, naye anafika akiwa na njaa. Vávra anamwonesha akila. Anakula kila mara, ananenepa kadiri orodha inavyorefuka, na mali za waliochomwa ndizo zinazolisha meza. Boblig naye aliishi kweli. Kesi za Losiny na Šumperk, kaskazini mwa Moravia, zilianza 1678 na kuua watu wapatao 100. Mkuu wa mapadre wa Šumperk, Kryštof Lautner, aliyethubutu kuwa na mashaka, alichomwa Mohelnice mwaka 1685 baada ya miaka mitano kifungoni.

Watazamaji wa Praha hawakuhitaji maelezo. Mwaka 1952 nchi nzima ilisikiliza redioni kesi ya kiongozi wa Kikomunisti Rudolf Slánský na wenzake, washtakiwa 14 waliojibu mahakamani majibu waliyokaririshwa, na 11 wakanyongwa. Filamu iliandikwa wakati wa matumaini ya mageuzi, ikatoka baada ya vifaru vya Kisovieti vya Agosti 1968 kuyazima, na haikuchukua muda ikaondolewa kwenye kumbi. Ester Krumbachová, aliyeandika hati pamoja na Vávra, alizuiwa kufanya kazi. Vávra mwenyewe aliendelea, kama alivyoendelea chini ya kila utawala, hadi akafa 2011 akiwa na miaka 100. Kuna kejeli hapo. Filamu bora kuliko zote kuhusu woga wa mahakama imetoka kwa mtu aliyejua sana kuishi na wakubwa. Labda ndiyo maana Boblig wake si jini. Alikwisha kukaa naye vikaoni.

Sasa niseme upande usiopendeza. Nyingi ya filamu hizi ni chafu. Mwaka huohuo wa 1970 Ujerumani Magharibi ilitoa Hexen bis aufs Blut gequält, iliyopigwa Mauterndorf, Austria, na ilipofika Marekani watazamaji waligawiwa mifuko ya kutapikia mlangoni. Ilivuna fedha nyingi. Inadai kulaani mateso, huku kamera ikisogea karibu kila mwanamke anapovuliwa nguo, na hapo swali la mama mkubwa linaturudia sisi. Huyo mwongozaji naye, analipwa na nani? Analipwa na mtu wa tiketi. Hata Reeves hakutoka safi. Mwandishi Alan Bennett alimshambulia vikali jaridani wakati filamu inatoka, na nikiitazama tena naona hakukosea kila kitu. Tofauti ninayoiona ni viazi. Filamu ya mifuko ya kutapikia inakuangalia wewe ulivyoshtuka. Reeves anawaangalia watoto ambao hawakushtuka.

Katika kikao chetu cha uhariri mwenzetu mmoja alikasirika. Vikongwe wanauawa Kanda ya Ziwa, alisema, wazee wanakimbia makwao Kilifi, nanyi mnajaza jarida na sinema za Wazungu za miaka 50 iliyopita. Hoja yake nzito. Mama mkubwa mwenyewe ni mzaliwa wa Shinyanga, macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi, na anajua vizuri macho ya namna hiyo yanaweza kumgharimu nini mwanamke aliyezeeka. Nilimjibu mwenzetu kwamba Ulaya iliua watu kati ya 40,000 na 60,000 kwa tuhuma hizi, wengi wao wanawake, na anayetajwa kuwa wa mwisho, Anna Göldi wa Glarus, Uswisi, alikatwa kichwa mwaka 1782. Uingereza ilifuta kosa la uchawi mwaka 1735, kosa likabaki kujidai unao uwezo huo. Walipotutungia sheria za uchawi, Kenya mwaka 1925 na Tanganyika 1928, walikuwa watu waliotoka kwenye historia hiyo. Sheria ya Kenya inamgeukia hata anayetuhumu: kumwita mtu mchawi bila kupeleka shauri kwa wenye mamlaka ni kosa. Kwa maneno mengine, mwenye daftari yumo ndani ya sheria, ila sijaona akifilamiwa kwetu. Tunamfilamu mchawi. Hilo ndilo lililonifanya nisiliondoe wazo la toleo hili mezani, na mwenzetu ameandika makala ya ukurasa wa 31 kuhusu Kilifi. Isome kabla ya zote.

Yaliyobaki ni machache. The Devils ya Ken Russell, ya 1971, juu ya padre Urbain Grandier aliyechomwa Loudun mwaka 1634, tumeipa nafasi ndogo kwa sababu imeshaandikwa kupita kiasi. Filamu ya mifuko ya kutapikia hatukuichapishia picha hata moja.

Tulimaliza Witchfinder General karibu na saa sita usiku. Mwishoni Hopkins anapigwa shoka, anapigwa tena, na mama mkubwa akasema, "Afadhali." Sikumwambia usiku ule. Nilimwambia asubuhi, tukinywa chai. Hopkins alikufa kwa maradhi ya kifua, nyumbani, katika mwaka uleule aliochapisha kijitabu cha kujitetea. Alizikwa Mistley, Essex, tarehe 12 Agosti 1647. Shoka lilikuwa la Reeves.