Hesabu ya Kompyuta Nayo Ihakikiwe

Mgonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi anayetoka Nzega, akishaonekana kuwa anahitaji tiba ya mionzi, hatibiwi Nzega. Huelekezwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando jijini Mwanza, au husafiri mpaka Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam. Huko hupigwa picha, daktari bingwa huchora mahali uvimbe ulipo, kisha mtaalamu wa fizikia tiba huingiza vipimo vyote katika programu ya kompyuta. Programu hupiga hesabu na kutoa jawabu: mashine imwelekezee mionzi kwa muda gani na kutoka pembe zipi. Mgonjwa haioni hesabu hiyo. Tabibu aliyemwandikia rufaa haioni pia. Lakini kupona kwake, pamoja na usalama wa kibofu na utumbo wake, vimeegemea hapo.

Hoja inayoletwa hapa ni nyepesi kuitamka na nzito kuitekeleza: hesabu yoyote ya programu ya mionzi isimfikie mgonjwa kabla haijahakikiwa kwa hesabu nyingine isiyoitegemea. Aidha, kazi ya kuhakiki haiishii katika chumba cha mashine. Inafika mpaka Nzega.

Programu inayoiga safari ya mionzi

Katika tiba hii nafasi ya kukosea ni finyu. Mgonjwa wa aina hiyo kwa kawaida hupewa mionzi ya nje ya grei 45 hadi 50, ikigawanywa katika mafungu 25 au zaidi kidogo. Tangu mwaka 1976 Tume ya Kimataifa ya Vizio na Vipimo vya Mionzi imeshauri kwamba dozi inayomfikia mgonjwa isitofautiane na ile iliyokusudiwa kwa zaidi ya asilimia 5. Katika grei 50, asilimia 5 ni grei 2.5, yaani zaidi kidogo ya dozi ya siku moja. Ikipungua kupita hapo, saratani hupata upenyo wa kurudi. Ikizidi kupita hapo, viungo vizima vilivyo jirani huanza kuumia.

Kwa kuwa haiwezekani kuweka kipimo katika kila sehemu ya mwili wa mtu aliye hai, programu huiga safari ya mionzi mwilini. Njia mojawapo ya kuiga huitwa Monte Carlo, kwa jina la mtaa wa Monaco wenye nyumba za kamari. Ilianzia Los Alamos, Marekani, baada ya Vita Kuu ya Pili, Stanislaw Ulam na John von Neumann walipotafuta namna ya kufuatilia nyutroni ndani ya mada ya nyuklia. Badala ya kutatua mlinganyo mmoja mzito, kompyuta huifuata chembe moja moja. Kila chembe hupigiwa kura: igonge wapi, igeukie upande gani, iache nishati kiasi gani. Kisha mamilioni ya safari hizo hujumlishwa. Elimu iliyozaliwa kwa ajili ya nyuklia ndiyo inayotumika leo kupanga tiba ya mama wa kijijini.

Njia hii ina uungwana wake, kwa maana hueleza yenyewe ina shaka kiasi gani. Zikihesabiwa chembe 10,000, shaka ya kubahatisha ni takriban asilimia 1. Ili shaka hiyo ishuke hadi nusu, hesabu haina budi kuongezwa mara nne, ziwe chembe 40,000. Zikifika 1,000,000, shaka hushuka hadi asilimia 0.1. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Shaka iliyopungua ni ile ya bahati nasibu peke yake. Ikiwa umbali kutoka kwenye mashine umeandikwa vibaya, au msongamano wa mfupa umekosewa, kuongeza chembe hakusahihishi chochote. Programu italirudia kosa lile lile kwa ujasiri mkubwa zaidi.

Njia ya kutoka Tabora kwenda Mwanza ina historia inayofaa kukumbukwa katika jambo hili. Julai 1858 John Hanning Speke aliondoka Kaze, Tabora ya leo, pamoja na wapagazi, akaelekea kaskazini hadi kulifikia ziwa la Nyanza tarehe 3 Agosti. Kimo cha nchi alikipima kwa kuchemsha maji na kusoma kipimajoto, kwa kuwa maji huchemka kwa joto dogo zaidi kadiri nchi inavyoinuka. Kwa Nyanza alipata jawabu lililokaribia ukweli. Lakini kwa Ziwa Tanganyika, miezi michache kabla, yeye na Richard Burton walikuwa wameandika futi 1,844, ilhali ziwa hilo liko zaidi ya futi 2,500 juu ya usawa wa bahari. Kanuni ilikuwa ile ile. Kasoro ilikuwa katika kipimajoto, na hapakuwa na chombo cha pili cha kukisuta. Hesabu safi juu ya kipimo kibovu huzaa jawabu bovu lenye sura nzuri.

Mizani tatu za kuipimia programu

Mchimbaji mdogo wa dhahabu mwenye busara hampi mnunuzi mali yake kabla hajaona mizani ikiwekewa jiwe ambalo uzito wake unajulikana. Programu ya mionzi nayo inastahili kupimwa hivyo, tena mara tatu.

Mizani ya kwanza ni swali ambalo jawabu lake linajulikana. Katika hewa tupu, umbali kutoka kwenye chanzo ukiongezwa mara mbili, nguvu ya mionzi hushuka hadi robo. Kobalti 60 hupungua nguvu kwa nusu kila baada ya miaka 5.27, yaani takriban asilimia 1 kwa mwezi na asilimia 12 kwa mwaka. Kwa hiyo tiba iliyochukua dakika 2 chanzo kilipokuwa kipya itahitaji dakika 4 baada ya miaka hiyo kupita. Programu isiyoonyesha hivyo ina walakini, na kuutambua walakini huo hakuhitaji kompyuta nyingine. Kalamu na karatasi vinatosha.

Mizani ya pili ni kipimo chenyewe. Tangi hujazwa maji, kwa kuwa mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa unafanana na maji mbele ya mionzi. Kipimio huzamishwa humo, mashine huwashwa, na namba iliyosomwa hulinganishwa na namba iliyotabiriwa na programu, nukta kwa nukta. Kipimio hicho nacho sharti kiwe kimelinganishwa na kiwango kinachoaminika. Nchini Tanzania kazi hiyo ina mwenyewe, nayo ni maabara ya Tume ya Nguvu za Atomu iliyoko Arusha. Vituo vingi duniani hukubali tofauti isiyozidi asilimia 3 ya dozi au milimita 3 za mahali. Lakini wastani mzuri usimlaze mtu usingizi. Nukta 95 kati ya 100 zinaweza kufaulu, na zile 5 zilizoshindwa zikawa zote juu ya utumbo. Ripoti itasema asilimia 95, ilhali mgonjwa atabeba zile 5.

Mizani ya tatu ni ya kila mgonjwa, kila mpango. Kabla ya siku ya kwanza ya tiba, mtu wa pili anakokotoa upya muda wa mionzi kwa njia nyingine, bila kulitazama jawabu la kwanza. Neno la kushikwa hapa ni kutotegemea. Programu mbili zinazotumia jedwali moja la vipimo ni sawa na mashahidi wawili waliosimuliwa habari na mtu mmoja: wakikubaliana, ushahidi bado ni wa mmoja.

Mafunzo ya Stoke-on-Trent na Panama

Asije mtu akadhani kwamba makosa haya ni ya nchi zenye uhaba peke yake. Katika hospitali moja ya Stoke-on-Trent, Uingereza, programu ya kupanga tiba ilianza kutumika mwaka 1982. Wafanyakazi waliendelea kuingiza kwa mkono sahihisho la umbali waliloliz\u006fea, bila kujua kwamba programu ilikuwa ikilifanya yenyewe. Sahihisho likafanyika mara mbili. Kwa takriban miaka tisa, wagonjwa 1,045 walipewa dozi pungufu, wengi wao kwa asilimia 5 hadi 30. Kosa hilo halikumchoma mtu ngozi wala kumharisha. Liligunduliwa mwaka 1991, mpango mpya wa kompyuta ulipofungwa na hesabu zake kulinganishwa na za ule wa zamani. Ulinganisho ambao ungeweza kufanywa katika wiki ya kwanza ulisubiri karibu muongo mzima.

Katika Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Panama kosa lilielekea upande wa pili. Programu iliyokuwapo ilikubali vikinga vinne tu vya kuzuia mionzi isifike kwenye viungo vizima, ilhali madaktari walitaka kuongeza cha tano. Kuanzia Agosti 2000, vikinga vikaanza kuingizwa kwa pamoja kana kwamba ni kimoja. Programu haikukataa wala haikuonya; ilitoa muda wa mionzi uliokaribia maradufu ya ule uliostahili. Wagonjwa 28 waliathirika, na baadhi yao walifariki kwa madhara ya mionzi hiyo. Wachunguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki walibaini kwamba hesabu za kompyuta hazikuwa zikihakikiwa kwa mkono. Hesabu ya dakika chache ingeonyesha kwamba muda ule haukuwa wa kawaida.

Jambo moja la Panama linawahusu sana wahudumu wa Nzega. Dalili za kwanza hazikuonekana kwenye skrini. Zilionekana kwa wagonjwa walioharisha sana na kwa muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa.

Mizani ya nne iko Nzega

Mgonjwa akimaliza mafungu yake hurudi nyumbani. Ikiwa dozi ilizidi, madhara yatajitokeza akiwa kwake. Ikiwa ilipungua, damu itaanza kumtoka tena akiwa kwake. Atakayemwona wa kwanza ni mhudumu wa afya wa jamii, muuguzi wa zahanati au tabibu wa hospitali ya wilaya, wala si mtaalamu wa fizikia tiba. Hao ndio kipimo cha mwisho cha programu, na mara nyingi hawajaambiwa hivyo.

Kuharisha kidogo, uchovu na mkojo wa kuunguza wakati wa mionzi ya nyonga ni mambo ya kawaida, na kwa wengi hupungua ndani ya wiki chache baada ya tiba. Kuharisha kukali kusikokoma, kinyesi chenye damu, vidonda vya ngozi visivyopona au maumivu yanayozidi siku hadi siku si mambo ya kupewa dawa ya minyoo na kurudishwa nyumbani. Yanahitaji taarifa irudi kituo kilichotoa tiba, mapema. Kwa kawaida sababu itakuwa nyingine. Lakini wagonjwa wawili au watatu wa namna hiyo wakiripotiwa kutoka wilaya mbalimbali kwa wakati mmoja, kituo kitakuwa kimepata onyo ambalo hakuna programu inayoweza kulitoa.

Ili hayo yawezekane, kila mgonjwa arudi na karatasi moja yenye dozi aliyopewa, idadi ya mafungu, sehemu iliyotibiwa, tarehe ya kumaliza na namba ya simu ya kliniki. Gharama yake ni karatasi na wino.

Pingamizi mbili

Wapo watakaosema kwamba wataalamu wa fizikia tiba ni wachache, foleni ni ndefu, na kuhakiki kutaichelewesha tiba ya watu wanaoumwa. Uchache huo ni wa kweli na foleni ni ya kweli. Lakini hesabu ya pili ya mpango wa kawaida huchukua dakika, ilhali tiba huchukua wiki tano au zaidi. Tena foleni ndefu ndiyo sababu ya kuhakiki zaidi, kwa kuwa kosa la programu halimpati mgonjwa mmoja. Humpata kila anayepita, na Stoke-on-Trent imeonyesha foleni ya miaka tisa inavyokuwa. Uchache wa wataalamu uwe sababu ya kusomesha wengine na kuwapa nafasi za ajira, usiwe ruhusa ya kuziamini namba bila kuziuliza. Msaada wa nje nao upo: tangu mwaka 1969 Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki na Shirika la Afya Duniani vimekuwa vikituma kwa posta vipimio vidogo vya kukagua dozi za hospitali.

Wengine watasema kwamba kuyazungumza haya mbele ya wagonjwa kutawatia hofu, wakimbilie tiba zisizo na ushahidi. Hofu hiyo isidharauliwe, kwa maana mgonjwa wa saratani anayekwepa mionzi huhatarisha maisha yake kuliko anayeikubali. Tiba ya mionzi imewaponya wengi, na ajali za aina hii ni chache mno zikilinganishwa na idadi ya wanaotibiwa. Lakini imani inayojengwa kwa kuficha huvunjika siku siri inapotoka. Mgonjwa anayeambiwa kwamba hesabu yake imepigwa mara mbili na watu wawili hana sababu ya kukimbia.

Kuuliza si ujinga. Mgonjwa na ndugu zake wana haki ya kuuliza, kwa heshima, kama mpango wa tiba umehakikiwa na mtu wa pili, na kuomba karatasi ya muhtasari wanapoondoka. Mkuu wa kituo ana wajibu wa kuweka kumbukumbu za majaribio ya programu, siku ilipofungwa na kila ilipobadilishwa, mahali ambapo mkaguzi atazikuta. Mhudumu wa Nzega naye ana wajibu wa kupiga simu anapoona jambo lisilo la kawaida, hata kama anadhani waliosoma zaidi yake wameshaliona. Mara nyingi hawajaliona, kwa sababu mgonjwa yuko mbele yake yeye.