GETI NI LA TAJIRI, CHAMA NI CHA WAFANYAKAZI

Kila asafiriye kwa njia kuu kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma au Iringa hupita Msamvu. Pale ndipo njia zinapoachana, na pale ndipo dereva aliyeamka usiku wa manane anapopata dakika chache za kunywa chai na kuzungumza na wenzake. Nasi tuliketi nao, tukawauliza neno moja tu: mna chama? Mmoja akacheka. Mwingine akatazama kwanza huku na huku, kama mtu aliyeulizwa habari ya wizi, ndipo akasema kwamba tajiri wake hataki kulisikia neno hilo, na kwamba mwenzao aliyelitaja hakupewa gari tena. Hakufukuzwa, wala hakuandikiwa barua. Alinyimwa ufunguo tu, akaambiwa asubiri, na mpaka leo anasubiri.

Twasema waziwazi kwamba tajiri afanyaye hivyo anavunja sheria ya nchi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 9, imempa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama, kujiunga nacho na kushiriki katika shughuli zake halali. Kifungu hicho kimekataza mtu yeyote kumbagua mfanyakazi kwa kuitumia haki hiyo. Kumnyima mtu ufunguo kwa sababu ya chama ni kumbagua, hata kama hakuna karatasi iliyoandikwa.

Wenye mali watatujibu: gereji ni yangu, geti ni langu, nani atanilazimisha kumfungulia mtu wa chama? Jibu hili si jipya. Ndilo walilolitoa wenye mashamba ya mkonge katika siku za ukoloni, huku Kilosa na Kimamba kama kule Tanga. Manamba aliishi ndani ya shamba, alinunua dukani mwa shamba, aliugua na kufa ndani ya shamba, na mtu wa chama aliyekwenda kumtembelea alihesabiwa mvamizi. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, lilipoanzishwa mwaka 1955, na ndugu Rashidi Kawawa akawa Katibu Mkuu wake, vita moja kubwa ilikuwa hiyo ya kuingia getini. Wapigania uhuru waliijua vizuri, kwa maana mtu asiyeweza kukutana na mwenzake hawezi kudai kitu.

Sheria ya 2004 imelifungua geti hilo. Kifungu cha 60 kinampa mjumbe wa chama kilichosajiliwa ruhusa ya kuingia mahali pa mwajiri ili aandikishe wanachama, azungumze nao, na kufanya mikutano na wafanyakazi papo hapo. Tena mahali pa mwajiri si ofisini tu. Ni popote palipo chini ya mamlaka yake ambapo kazi hufanyika au wafanyakazi hulazwa. Basi gereji imo, yadi imo, na chumba wanacholala madereva na makondakta kabla ya safari kimo. Chama kikipata wanachama 10 pahali hapo, kinaweza kufungua tawi.

Je, tajiri hana haki yoyote? Anayo, nasi hatuifichi. Sheria inamruhusu kuweka masharti ya saa na mahali, lakini yawe ya haki na ya lazima, ya kulinda maisha na mali au kuzuia kazi isivurugwe kupita kiasi. Basi linalotoka saa 12 asubuhi na abiria wamekwisha kukaa haliwezi kusimama ili katibu atoe hotuba. Hilo twalikubali, na abiria pia ni mwananchi. Lakini kuweka saa ni jambo moja, na kukataza kabisa ni jambo jingine. Tajiri asemaye "si leo" kila siku ya mwaka hakuweka sharti, amefunga geti.

Liko tatizo gumu zaidi, nalo ni la deiwaka. Huyu huendesha leo gari hili, kesho lile, hana mkataba, na matajiri husema si mfanyakazi wao. Tunawaomba madereva wasikubali upesi. Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7 ya 2004, haitazami jina la mkataba. Inatazama mambo yenyewe: kama mtu anapangiwa kazi na saa zake na mwingine, kama anamtegemea huyo kwa riziki, kama anapewa chombo cha kazi, kama amemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Likithibitika hata moja, huchukuliwa kuwa ni mfanyakazi mpaka tajiri athibitishe vingine. Ni dereva gani wa basi ambaye hakupewa chombo?

Hata hivyo tusidanganyane. Sheria hiyohiyo ya Ajira imesema kuwa kuachishwa kwa sababu ya chama si halali, na mwajiri ndiye atakayethibitisha sababu zake. Lakini ulinzi huo wa kuachishwa iliuweka kwa aliyefanya kazi miezi 6 au zaidi. Matajiri wanaijua hesabu hiyo kuliko madereva, na wengine huwabadilisha watu kama matairi. Hapa sheria inavuja, na wabunge wetu wanapaswa kuitazama.

Na vyama navyo vina lawama. Mwaka 1964 TFL ilivunjwa, ikawekwa NUTA kwa sheria, na Katibu Mkuu wake akateuliwa na Rais. Tuseme kweli, hata kama sisi wenyewe ni watu wa chama cha siasa: tabia ya kungoja mambo kutoka juu ilianzia hapo, na haijaisha. Madereva walipogoma nchi nzima mwezi wa Aprili na tena Mei 2015, wakidai pamoja na mengine mikataba ya kazi, abiria walilala vituoni. Watu hawafiki huko kama wana wajumbe wa kuwasemea kila wiki. Kifungu cha 62 kimewapa wajumbe hao: mmoja kwa wanachama 1 hadi 9, watatu kwa 10 hadi 20, kumi kwa 21 hadi 100, na kumi na watano wakizidi hapo. Kazi yao ni pamoja na kumsimamia mwanachama aitwapo kujibu mashtaka ofisini.

Njia ya kuanza ni fupi. Chama humpa mwajiri taarifa kwa fomu iliyowekwa. Katika siku 30 mwajiri ni lazima akutane nacho wafanye mapatano. Akikataa au akijificha, shauri linakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na likishindikana kusuluhishwa linakwenda Mahakama ya Kazi. Hakuna haja ya kufunga barabara ya Msamvu kwa ajili hiyo. Inatakiwa fomu, kalamu, na katibu wa chama aliye tayari kuamka kabla basi la kwanza halijatoka.